Chakula cha Wanafunzi: Kilikotoka na Anayekilipia



Kikundi chetu kinatimiza miaka kumi. Tumeona si vizuri kijitabu hiki kijae picha za sherehe na hesabu za hisa peke yake. Liko jambo ambalo hujitokeza mkutano baada ya mkutano, hata kama halikuandikwa kwenye ajenda, nalo ni uji wa watoto shuleni. Mama mmoja anaomba mkopo mdogo alipe mchango wa chakula. Mwingine anauliza, jamani, si tuliambiwa elimu ni bure, mchango wa nini tena? Basi tumeandika historia ya jambo hili kwa kifupi, ili tunapobishana tubishane tukijua tulikotoka.

POSHO YA MGODI NA MICHEMBE YA MTOTO

Sisi wa Maganzo tumekaa mlangoni mwa mgodi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na Dk. John Williamson mwaka 1940, na kazi ikavuta watu kutoka kila upande. Katika migodi na mashamba makubwa ya enzi za mkoloni, posho ya unga ilikuwa sehemu ya ujira. Mwajiri alijua kabisa kwamba mtu mwenye njaa hanyanyui sururu. Wahenga nao walishasema, njaa mwana malegeza.

Lakini mtoto wa shule ya kutwa hakuwekwa kwenye hesabu hiyo. Shule za bweni zilikuwa na jiko. Shule ya kutwa ilikuwa na ubao na kengele tu. Mtoto alitoka nyumbani na michembe mfukoni kama mwaka ulikuwa mzuri, na kama mwaka ulikuwa mbaya alitoka mikono mitupu. Aliyekaa karibu alirudi kula mchana, na aliyekaa mbali alishinda hivyo hivyo mpaka jioni.

SHAMBA LA SHULE

Mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Kila shule ilitakiwa iwe na shamba, watoto wajifunze kazi na shule ijitegemee. Wengi wetu tumelima mashamba hayo, na majembe tulitoka nayo nyumbani. Mavuno mengine yaliingia kwenye chungu, mengine yaliuzwa kununua chaki na vifaa.

Wazo lilikuwa zuri, ila mvua ya Shinyanga haisomi waraka. Ukame wa 1973 na 1974 uliifanya nchi nzima inunue nafaka nje, na ndipo yakaja yale mahindi ya njano ambayo watu waliyabatiza jina la Yanga. Kama kaya hazikuvuna, shamba la shule lingevuna kwa miujiza gani?

Mwaka huo huo wa 1974, Azimio la Musoma lilitaka watoto wote waingie shule, na mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ikaanza rasmi. Madarasa yalijaa, nasi akina mama tulifurahi kwa kuwa na mabinti zetu waliingia. Lakini shamba la shule lilibaki lile lile. Lililotosha watoto mia haliwezi kutosha watoto mia nne. Ilipofika miaka ya 1980 hali ya uchumi ikawa ngumu, michango ya shule ikarudi kwa wazazi, na chakula kikawa cha mwisho kukumbukwa. Mwaka 2002, chini ya mpango wa MMEM, ada ya shule ya msingi ilifutwa na watoto wakafurika tena. Chungu hakikuongezeka.

MIPANGO YA MBALI NA KARIBU

Isidhaniwe kwamba hakuna aliyejaribu. Kuanzia mwaka 2000 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipeleka chakula katika shule za msingi za mikoa yenye ukame, kama Dodoma na Singida. Palipo na chakula, watoto huja na hukaa mpaka saa ya kutoka. Hilo kila mwalimu atakuambia. Lakini mradi ni mradi, una mwanzo na una mwisho. Miaka ya 2010 ufadhili ulipungua, na shule zikatakiwa kujitafutia zenyewe.

Kwa majirani zetu Kenya, Rais Moi alianzisha maziwa ya bure kwa shule za msingi mwaka 1979, yakajulikana kama Maziwa ya Nyayo. Waliosoma wakati huo bado wanayasimulia. Lakini kwa kuwa yote yalitegemea hazina ya serikali, gharama zilipolemea mpango ulififia, na miaka ya 1990 ukafa. Leo Nairobi wana utaratibu mwingine, ulioanza 2023. Mzazi analipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, na gharama inayobaki hubebwa na serikali ya kaunti na shirika linalopika. Mzazi anatoa kidogo, lakini anatoa, na kwa hiyo ana sauti ya kuuliza chakula kikoje.

Wako wanaodhani chakula cha shule ni jambo la nchi tajiri tu. Basi tuwaambie ya Marekani. Sheria yao ya chakula cha mchana shuleni ilipitishwa mwaka 1946, lakini watoto wengi maskini, hasa weusi, waliendelea kuingia darasani bila kunywa chochote asubuhi. Januari 1969, vijana wa chama cha Black Panther katika mji wa Oakland walianza kuwapikia watoto kifungua kinywa kanisani kabla ya masomo. Chakula walikiomba kwa wenye maduka na majirani, na wazazi walishika mwiko. Jambo likaenea mji hadi mji. Mwaka 1975 serikali yao iliufanya mpango wake wa kifungua kinywa shuleni kuwa wa kudumu.

Habari hii haiko mbali na sisi kama mnavyofikiri. Kiongozi wa chama hicho katika mji wa Kansas City, Bwana Pete O'Neal, alifika Tanzania mwaka 1972. Baadaye yeye na mkewe Charlotte walianzisha kituo cha jamii kijijini Imbaseni, mkoani Arusha. Watu waliokuwa wakipikia watoto wa jirani kule walikuja kuwa jirani zetu hapa.

ELIMU BILA MALIPO

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Ulikuwa msaada mkubwa, na hakuna mama wa kikundi hiki anayetaka turudi nyuma. Ila watu wengi walisikia neno moja tu, bure. Serikali ilibeba ada, na chakula cha wanafunzi wa bweni. Chakula cha mtoto wa kutwa kilibaki kwa mzazi, kwa makubaliano na si kwa kulazimishwa. Sehemu nyingi wazazi waliacha kutoa, na masufuria yakageuzwa chini juu.

Na njaa ina pa kumpeleka mtoto. Huku kwetu anakwenda kuchekecha changarawe, au kuuza karanga barabara ya Mwanza. Kwenye dhahabu ni hivyo hivyo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye migodi midogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Wako waliokuwa wakitafuta hela ya chakula na ya daftari. Mtoto akishaonja hela ya mchana, kumrudisha darasani ni kazi.

Mwaka 2020 uliandaliwa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi. Umeeleza kwamba jambo hili ni la wazazi, shule, kijiji na halmashauri kwa pamoja, na kwamba mzazi anaweza kuchangia kwa nafaka, kwa fedha au kwa nguvu zake.

NUSU DEBE

Tumekaa na kalamu tukapiga hesabu. Tuseme kikombe cha uji kinahitaji gramu 50 za unga. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Zidisha, utapata kilo 9.7. Yaani mtoto mmoja, mwaka mzima, ni kama nusu debe la mahindi au mtama. Gunia la kilo 100 linawatosha watoto kumi. Bado kuna sukari, karanga, kusaga, kuni na ujira wa mpishi, hatusemi ni jambo dogo. Lakini nusu debe si mlima.

Kwa nini basi inashindikana? Sisi tunaona sababu kubwa ni wakati. Mchango wa fedha unadaiwa Januari, shule zinapofunguliwa. Januari ni mwezi wa sare na madaftari, ghala limeisha, na debe lina bei ya juu kuliko miezi yote. Mwezi Juni na Julai nafaka ipo, pamba inauzwa, na nusu debe hilo hilo linapatikana bila kukopa. Mzazi anayeshindwa Januari si lazima awe mkaidi. Ameulizwa wakati hana.

Na likishindikana, anayeumia si mzazi. Tunajua mahali ambapo mtoto ambaye kwao hawajalipa alitolewa kwenye foleni ya uji, akasimama pembeni na kikombe chake akiangalia wenzake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtoto hakuhudhuria mkutano wa wazazi wala hakupiga kura, kosa lake ni lipi?

Jambo la mwisho. Katika historia yote hii, waraka unaandikwa na wakubwa, lakini maji yanachotwa na nani? Kuni zinabebwa na nani? Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, ulihimiza kurudisha ngitili kwa sababu Shinyanga ilikuwa inageuka jangwa, na mama aliyetembea nusu siku kutafuta kuni alikuwa wa kwanza kujua. Ndiyo maana tunasema wanawake wawemo kwenye kamati ya chakula ya shule kama wenye kuamua, si kama wapishi tu.

TUNACHOPENDEKEZA

Kwenye mkutano mkuu baada ya sherehe hizi, yataletwa mambo matatu ya kupigiwa kura. Kwanza, kila mwanachama mwenye mtoto shule ya msingi aweke nusu debe kwa kila mtoto wakati wa mavuno, likiandikwa kwenye daftari kama tunavyoandika hisa. Pili, sehemu ya mfuko wa jamii inunue magunia mwezi Julai kwa ajili ya watoto ambao kwao hakuna, na majina yao yasisomwe hadharani. Tatu, tuombe kikao na kamati ya shule tukubaliane kwamba hakuna mtoto atakayetolewa kwenye foleni.

Tumeanza na sanduku na kufuli tatu, wengi wakisema akina mama hawatafika mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni kipimo cha nafaka, ndugu zetu. Njooni mkutanoni na hesabu zenu.