Vita Vinavyorithiwa Nyumbani



Katika vitabu vita huwa na tarehe mbili: ya kuanza na ya kwisha. Nyumbani sivyo. Mzazi aliyeokoka huendelea kuviishi hata baada ya mikataba kutiwa sahihi, na mtoto aliyezaliwa katika amani hukua kando ya vita asivyoviona. Wanadamu walichelewa kuutambua ukweli huo.

Vita Kuu ya Pili vilipokwisha mwaka 1945, Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa na utawala wa Wanazi. Wengi wa walionusurika walihamia Israeli, Marekani na Kanada. Walifunga ndoa, wakapata kazi, wakazaa. Kwa nje, yote yalionekana kupona. Lakini mwaka 1966, mjini Montreal, daktari wa magonjwa ya akili Vivian Rakoff aliandika juu ya vijana walioletwa kwake wakiwa na mahangaiko mazito, ilhali wote walizaliwa baada ya vita. Kambi za mateso hawakuziona. Walioziona ni wazazi wao.

Mwaka 1979 Helen Epstein, mwandishi ambaye wazazi wake walinusurika kambi hizo, alitoa kitabu cha mazungumzo yake na wana wa familia kama yake. Tangu hapo simulizi za namna hiyo zimekuwa nyingi, nazo zinafanana: mzazi anayepiga kelele usingizini, anayeshtuka mlango ukibishwa, asiyetaja kamwe ndugu zake waliouawa. Mtoto husoma uso wa mzazi kabla ya kujua maneno. Akiona hofu bila kuelezwa sababu, huitafuta mwenyewe, na mara nyingi huhitimu kwamba kosa ni lake. Hivyo kimya ambacho mzazi alikikusudia kiwe ngao huwa mzigo mabegani mwa mtoto.

Je, mtoto huyo amekwisha kuhukumiwa? Hapana. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi na Israeli waliunganisha matokeo ya uchunguzi mwingi juu ya wana wa walionusurika. Waliona kwamba wale waliotoka katika jamii kwa jumla, si wale waliokuwa tayari wakitafuta matibabu, hawakuwa na afya ya akili duni kuliko wenzao. Maumivu aliyoyaona Rakoff yalikuwa ya kweli. Lakini urithi huo si lazima umfikie kila mtoto.

Kwetu Kongo, vita vya 1996–1997 na vya 1998–2003 viliwajeruhi wazazi wengi, na mashariki bunduki hazijanyamaza. Wengi wenu mlizaliwa baadaye. Ikiwa baba hukasirika ghafula, au mama hunyamaza kila kijiji chake kinapotajwa, fahamuni kwamba huenda jambo hilo lilianza kabla yenu. Kulielewa si kuhalalisha kipigo: anayepigwa amwendee mtu mzima anayemwamini. Wala msimlazimishe mzazi kusimulia. Mwonyesheni tu kwamba siku atakapokuwa tayari, mtamsikiliza. Na anayelemewa asione haya kutafuta matibabu. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, huwahudumia wahanga wa ukatili mwili na nafsi pamoja, kwa kuwa kidonda kisichoonekana nacho ni kidonda.