Kaunta ya Jikoni Ilitoka Wapi, na Kwa Nini Tuiondoe Vitu Kabla ya Idi



Kila sikukuu ikikaribia tunaambiana: safisha jiko, punguza vitu juu ya kaunta. Ni ushauri mzuri, ila hausemi kwa nini. Leo tuitazame historia ya kaunta yenyewe, kwa sababu ina jambo linalotugusa: ilibuniwa kwa ajili ya mwanamke aliyebaki jikoni peke yake.

Tuanze hapa kwetu. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ndani yake anaeleza jiko la kasri ya Beit el Sahel: wanyama wakichinjwa na kuchunwa uani, moshi umetanda, wapishi wanagombana. Ilikuwa vurugu, lakini chakula kilipikika, kwa sababu mikono ilikuwa mingi. Na wengi wa wenye mikono hiyo walikuwa watumwa. Tusilisifu jiko lile tukalisahau hilo.

Katika nyumba za kawaida bibi zetu walipika chini, kwenye mafiga matatu. Mchele ulichaguliwa kwenye ungo, nazi ikakunwa kwenye mbuzi, kitunguu kikakatwa mkononi. Kazi ikiisha, ungo unarudi ukutani, na chakula kilichobaki kinapanda kwenye susu, paka asikifikie. Hapakuwa na mahali pa kurundika vitu. Sikukuu ikifika, mawifi, mashangazi na majirani walikuja kusaidiana.

Kaunta tunayoijua sasa ilianza kwengine. Marekani ilikomesha utumwa mwaka 1865. Miaka minne baadaye, mwaka 1869, Catharine Beecher na mdogo wake Harriet Beecher Stowe walitoa kitabu cha kuendesha nyumba, na humo wakachora jiko la mama asiyetegemea watumishi. Mfano wao ulikuwa jiko la meli ya moshi, linalopikia watu 200 katika chumba kidogo, kila chombo na mahali pake. Wakaweka ubao wa kufanyia kazi penye mwanga wa dirisha, unga chini yake na rafu karibu. Aliyewahi kupanda boti ya Pemba siku ya bahari chafu hahitaji kuelezwa: kisichokuwa na mahali pake kitakuangukia.

Mwaka 1912, Christine Frederick, naye Mmarekani, aliandika makala katika jarida la Ladies' Home Journal. Alichukua mtindo wa viwandani wa kupima kazi, akahesabu hatua anazopiga mama jikoni bure. Shauri lake lilikuwa rahisi: panga vitu kwa kazi. Vya kutayarishia na kupikia viwe upande mmoja kwa mfuatano, vya kuoshea na kuhifadhia upande mwengine.

Kisha mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Austria, alichora jiko la nyumba mpya za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa kama mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, nalo liliwekwa katika nyumba zipatazo 10,000. Yeye aliangalia jiko la behewa la chakula la treni. Mchele na sukari vilipata vidroo vyao vya aluminiamu, ubao wa kupigia pasi ukakunjwa ukutani, na mbele ya dirisha ikabaki meza ya kukatia. Meza ilikuwa tupu kwa sababu kila kitu kilikuwa na pa kukaa.

Lakini jiko lile lilikuwa na kasoro. Lilimtosha mtu mmoja tu. Wa pili akiingia wanagongana viwiko, na baadaye wengi walililaumu kwamba linamfungia mama peke yake.

Kwetu, baada ya Mapinduzi ya 1964, wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walisaidia kupanga na kujenga nyumba za ghorofa mjini Unguja. Anayeishi ghorofani anajua: hakuna uani, na ukitwanga kinu, jirani wa chini anabisha hodi. Jiko limeingia ndani na limekuwa dogo. Sisi nasi tumelichukua jiko la mtu mmoja tukalijaza vitu vya watu kumi: brenda, birika la umeme, hotpoti za harusi, makopo matupu. Halafu tunataka kupika humo biriani ya ukoo mzima.

Mimi ni fundi wa nguo. Meza ya kukatia haiwekwi kikombe cha chai. Kitambaa cha bibi harusi kikitandazwa, juu yake hubaki mkasi, chaki na futi kamba. Jikoni ni vivyo hivyo.

Siku mbili tatu kabla ya Idi, shusha kila kitu kilicho juu ya kaunta. Kisichotumika kwa mapishi ya sikukuu kitie kwenye boksi, boksi uvunguni mpaka Idi ipite. Kisha ifuate njia ya Frederick: mahali pa nyama, vitunguu na thomu, karibu na moto viungo, mafuta na mwiko, upande wa sinki vyombo vichafu peke yake. Mwisho, acha nafasi tupu ya mtu wa pili, asimame na ubao wake wa kukatia. Mwite wifi, mwite jirani. Hapo ndipo tunapolirekebisha jiko la Frankfurt kwa mila ya bibi zetu.

Na mume asione haya kumenya viazi. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume ﷺ akifanya nini nyumbani, akaeleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali.

Hili si suala la jiko kupendeza machoni. Umm Atiyya (r.a.) amesimulia kwamba Mtume ﷺ aliamrisha wanawake watoke siku ya Idi, hata walio katika hedhi, wakae kando na mahali pa kuswalia na washuhudie kheri. Wangapi wetu takbira zinatukuta tunatafuta kisu chini ya rundo la vyombo, na swala inatupita kwa sababu ya pilau? Iondoe vitu kaunta yako mapema, ili asubuhi ya Idi ukioge, ujifunge buibui lako na utoke pamoja na wenzako.

Taqabbalallahu minna wa minkum. Idi njema.