Maimamu wa Uganda na Jihadi ya UKIMWI



Ndugu wasomaji, mara nyingi tunasikia kuwa mcha Mungu huishi miaka mingi na kwa afya njema. Je, imani peke yake yatosha? Tutazame yaliyowafika jirani zetu wa Uganda.

UKIMWI ulianza kuonekana huko mwaka 1982, katika vijiji vya Rakai kando ya Ziwa Viktoria. Haukuchagua dini. Mwaka 1988 madaktari Waislamu waliunda jumuiya yao, IMAU, na mwaka 1989 ikatangazwa Jihadi dhidi ya UKIMWI. Haikuwa jihadi ya silaha, bali ya elimu na kuidhibiti nafsi.

Kuanzia mwaka 1992 maimamu walifundishwa, wakapewa wasaidizi wa kiume na wa kike wa kuzungukia nyumba hadi nyumba. Kazi haikuwa nyepesi. Mambo ya faragha ya ndoa yalibidi yasemwe wazi, mengine juu ya mimbari. Wengi hawakujua hatari ya kutahiri watoto kadhaa kwa wembe mmoja, wala ya kuosha maiti bila glavu. Sunna ikabaki ileile, ila kila mtoto akapata wembe wake. Mwaka 1998 shirika la UNAIDS liliieleza kazi hii kuwa mfano wa kuigwa.

Mwaka 2007 utafiti wa Rakai ulionyesha kuwa kutahiriwa humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa karibu nusu. Kupunguza, ndugu zangu, si kuondoa. Aliyetahiriwa akazini bado yumo hatarini, na mkewe nyumbani pia.

Sensa ya Uganda ya mwaka 2002 ilikadiria umri wa kuishi kuwa miaka 50. Ile ya 2014 ikakadiria 63. Tusidai kuwa ni kazi ya maimamu peke yao. Dawa za kufubaza virusi, chanjo na vyandarua vimefanya kazi kubwa. Lakini dawa haimfai asiyetaka kupima, na wengi humsikiliza imamu wao kuliko bango la barabarani.

Basi funzo ni hili: imani hulinda afya inapogeuka kuwa vitendo. Tawakkul huja baada ya kumfunga ngamia. Wazazi, zungumzeni na vijana wenu mapema, kabla hawajafundishwa na mitaa.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya na mwisho mwema. Amin.