Difu ya 504

Tunaikumbuka Peugeot 504 kwa ushindi: Ove Andersson alitwaa Safari Rally ya 1975 akiendesha gari la saluni. Saluni yetu imekatika meno ya difu; nisipopata nyingine, baba ataiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kila duka linanitolea difu ya 504 ndefu, ile iliyobeba abiria kwenda Nakuru na Kisumu. Haiingii. Ya saluni hufungwa kwenye bodi, kila gurudumu la nyuma likicheza peke yake. Ya ndefu imo ndani ya ekseli moja nzima, imara kwa mizigo. Bingwa amebaki pichani. Rafu zimejaa vyuma vya gari lililofanya kazi, na madereva wake hakuna anayewataja.