Kiti cha Mwakilishi wa Wanawake Tana River: Wabunge watatu katika chaguzi tatu

TANGU Katiba mpya ya Kenya ianze kutumika mnamo Agosti 27, 2010, wapigakura wa Kaunti ya Tana River wamemchagua mwanamke kuingia Bunge la Kitaifa mara tatu. Halima Ware Duri alichaguliwa mwaka wa 2013, Rehema Hassan akamfuata mwaka wa 2017, naye Amina Dika akachukua nafasi hiyo mwaka wa 2022.

Wote watatu walipitia mlango mmoja, nao ni kiti cha Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti. Katika maeneobunge matatu ya kaunti hiyo, yaani Garsen, Galole na Bura, viti vyote katika chaguzi hizo tatu vilitwaliwa na wanaume. Garsen ilimchagua Ibrahim Sane mwaka wa 2013, kisha Ali Wario Guyo mwaka wa 2017 na tena mwaka wa 2022.

Historia hiyo fupi inazua swali ambalo wakazi wa bonde la Mto Tana wamelikabili katika kila uchaguzi: je, kiti kilichotengewa wanawake ni ngazi ya kuwapandisha juu, au ndiyo nafasi yote wanayokusudiwa kupata?

Chimbuko la kiti

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, Bunge la Kenya lilikuwa la wanaume takriban watupu. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge alikuwa Grace Onyango, aliyenyakua kiti cha Kisumu Mjini mwaka wa 1969. Waliomfuata walikuwa wachache, na wengine waliingia kwa kuteuliwa tu.

Kifungu cha 97 cha Katiba ya 2010 kililenga kurekebisha hali hiyo. Kinasema Bunge la Kitaifa litakuwa na wabunge 290 wa maeneobunge, wanawake 47 wanaochaguliwa mmoja kutoka kila kaunti, pamoja na wabunge 12 wa kuteuliwa na vyama. Spika huwa mwanachama kwa mujibu wa cheo chake.

Mfumo huo unafanana na ule wa Uganda, ambako kila wilaya ina mbunge mwanamke. Unatofautiana na viti maalumu vya Tanzania, ambavyo hugawiwa vyama kulingana na kura vilizopata. Mwakilishi wa Kenya huomba kura yeye mwenyewe, na wanaume kwa wanawake humpigia.

Akishafika bungeni, kura yake ina uzito sawa na ya mbunge mwingine yeyote. Hata hivyo, katika miaka ya mwanzo wapo wanasiasa waliowakejeli wawakilishi hao kwa kuwaita "wasichana wa maua", kana kwamba waliitwa kupamba ukumbi.

Kaunti kubwa, mbunge mmoja

Kejeli hiyo haiwezi kusimama mbele ya ramani ya Tana River. Kaunti hiyo ina ukubwa wa kilomita mraba 38,437, na kwa mujibu wa sensa ya 2019 ilikuwa na watu 315,943. Mombasa, yenye takriban kilomita mraba 220, ina kiti kimoja vilevile. Kwa maneno mengine, eneo la mwakilishi wa Tana River ni zaidi ya mara 170 ya lile la mwenzake wa Mombasa.

Mbunge wa Garsen huzungukia wadi sita, ambazo ni Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Mwakilishi wa Wanawake huomba kura katika wadi zote 15, kuanzia Kipini ambako Mto Tana humwaga maji yake baharini, kupitia Hola yaliko makao makuu ya kaunti, hadi Madogo, jirani na mji wa Garissa, na Bangale. Mto unapofurika, kama ilivyotokea mwaka wa 2018 na mwishoni mwa 2023, mashamba hufunikwa na maelfu ya watu huhama makwao.

Kwa upande wa fedha, wabunge wa maeneobunge wana Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, ambayo sheria yake ya mwaka wa 2015 iliitengea asilimia isiyopungua 2.5 ya mgao wa serikali kuu. Wawakilishi wa wanawake waliingia bungeni mwaka wa 2013 bila hazina yoyote ya aina hiyo. Mwaka wa 2015 ndipo ilipoanzishwa hazina ya usawa ya serikali ya kitaifa, ijulikanayo kwa kifupi kama NGAAF, inayosaidia vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu na kutoa basari.

Kivuli cha mwaka wa 2012

Uchaguzi wa kwanza wa kiti hicho, uliofanyika Machi 4, 2013, ulikuta vidonda vya Garsen vikiwa vibichi. Mnamo Agosti 22, 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, eneo la Tarasaa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mwezi uliofuata mauaji yalifika Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako maafisa wa polisi walikuwa miongoni mwa waliouawa. Kijiji cha Kipao nacho kilishambuliwa mwezi Desemba.

Mzozo huo uliwakutanisha Wapokomo, ambao wengi wao ni wakulima wa kando ya mto, na Waorma, ambao ni wafugaji. Malisho, mashamba na njia za kuifikisha mifugo mtoni wakati wa kiangazi vimekuwa chanzo cha ugomvi kwa muda mrefu. Safari hii ushindani wa vyeo vipya vya ugatuzi uliongeza kuni motoni. Serikali iliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Grace Nzioka.

Wapiganapo tembo nyasi huumia, na katika vijiji vya delta walioumia zaidi ni wale wasioketi barazani. Mashauri makubwa ya jamii hufanywa na mabaraza ya wazee, Gasa kwa upande wa Wapokomo na Matadeda kwa upande wa Waorma, na kwa desturi mabaraza hayo ni ya wanaume. Jamii zinapogawana viti vya ugavana, useneta na ubunge ili zisalie na amani, majina yanayotajwa kwanza huwa ya wanaume. Mwanamke huelekezwa kwenye kiti ambacho mwanamume hawezi kukigombea.

Vyama vitatu tofauti

Jambo jingine linalojitokeza ni vyama vilivyowapeleka wanawake hao bungeni. Duri alichaguliwa kwa tikiti ya Wiper, chama ambacho ngome yake kuu ni Ukambani. Hassan alitumia Maendeleo Chap Chap, kilichoasisiwa na Alfred Mutua wa Machakos. Dika alishinda kwa tiketi ya Kanu, chama kikongwe ambacho wakati huo kiliongozwa na Gideon Moi wa Baringo.

Hakuna hata kimoja kati ya vyama hivyo ambacho mizizi yake iko Tana River. Matokeo hayo yanaashiria kwamba wapigakura hutazama mtu na jamii zilizomuunga mkono kuliko rangi ya chama. Lakini pia yana hasara yake, kwa kuwa kila uchaguzi ulileta mbunge mpya kwa chama kipya, bila mtandao uliorithiwa kutoka kwa aliyetangulia.

Ngazi kwa wengine

Kwingineko Pwani, kiti hicho kimekuwa ngazi. Aisha Jumwa, aliyekuwa mwakilishi wa Kilifi kutoka 2013, alichaguliwa mbunge wa Malindi mwaka wa 2017. Mishi Mboko aliihama nafasi ya Mombasa mwaka huohuo akatwaa Likoni, na akarejeshwa mwaka wa 2022. Katika kaunti jirani ya Lamu, Ruweida Obo, rubani kwa taaluma, alichaguliwa mwakilishi mwaka wa 2017 na miaka mitano baadaye akawa mbunge wa Lamu Mashariki. Naomi Shaban naye hakuhitaji kiti maalumu: alishinda Taveta mwaka wa 2002 na kukaa hadi 2022.

Hata ng'ambo ya mpaka wa mashariki, katika Kaunti ya Garissa ambako siasa za ukoo zina nguvu, wapigakura wa Ijara walimchagua Sophia Abdi Noor mwaka wa 2017. Kabla ya hapo aliwahi kuwa mbunge wa kuteuliwa. Kwa hivyo, hoja kwamba jamii za wafugaji haziwezi kumpa mwanamke eneobunge haina mashiko.

Deni la thuluthi mbili

Katiba inaagiza pia kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa. Mnamo Desemba 2012, Mahakama ya Juu ilishauri kwamba sheria ya kutimiza agizo hilo kwa Bunge ipatikane kufikia Agosti 27, 2015. Muda huo uliongezwa kwa mwaka mmoja, lakini sheria haikupatikana.

Mnamo Februari 27, 2019, mswada ulioletwa kwa ajili hiyo ulipata kura 174 badala ya 233 zilizohitajika. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta avunje Bunge kwa kukiuka Katiba. Bunge halikuvunjwa.

Wanawake 47 wa kaunti pekee hawawezi kulilipa deni hilo. Sharti maeneobunge nayo yachangie, na kufikia uchaguzi wa 2022 Garsen, Galole na Bura hazikuwa zimechangia hata kiti kimoja. Tana River sasa ina wanawake watatu walioomba kura katika wadi zote 15 na wakazipata. Kampeni ya Garsen ni ya wadi sita, na sheria haimzuii mwanamke kuigombea. Kinachosubiriwa ni vyama kumpa tikiti, na wazee wa pande zote mbili za mto kulitaja jina lake wakati viti vinapogawanywa.