Ufadhili wa utafiti wa ndigana kali

Ndigana kali ni ugonjwa wa ng'ombe unaosababishwa na kijidudu Theileria parva na kuenezwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Wamaasai huuita oltikana. Kwa zaidi ya miaka 100 utafiti wake umegharimiwa na serikali za kikoloni, taasisi ya pamoja ya Afrika Mashariki, mashirika ya kimataifa, na katika miongo ya karibuni wafugaji wenyewe. Chanjo inayofanya kazi ilipatikana mwaka 1975. Sehemu kubwa ya fedha zilizotolewa baada ya hapo ilitumika kutafuta nyingine.

Ugonjwa na hasara

Ng'ombe aliyeshikwa huvimba mitoki, kwanza ule ulio chini ya sikio. Homa hupanda, huacha kula, na katika siku za mwisho hupumua kwa taabu huku povu likimtoka puani. Asiyetibiwa mapema kwa kawaida hafiki wiki ya nne. Ng'ombe wa kisasa na machotara huangamia zaidi. Kwa mifugo ya asili wanaokufa ni ndama. Nyati hubeba kijidudu hiki bila kuugua.

Makadirio yanayonukuliwa kuliko yote ni ya mwaka 1989: hasara ya dola za Marekani milioni 168 katika nchi 11, na ng'ombe milioni 1.1 waliokufa. Mwenye kusoma maandiko ya kuomba ufadhili ya miaka iliyofuata atakutana na takwimu hiyo, au ile ya dola milioni 300 iliyokuja baadaye, katika ukurasa wa kwanza wa karibu kila andiko. Ng'ombe wamekuwa wakibadilika, bei zimepanda, ila namba imedumu.

Visiwa vya Komoro vilipata ugonjwa huu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia ng'ombe walioingizwa kutoka bara.

Kipindi cha ukoloni

Sotoka (tauni ya ng'ombe) ya mwaka 1896 na vita vya Makaburu na Waingereza viliacha mazizi ya kusini mwa Afrika yakiwa matupu. Walowezi wa Rhodesia waliagiza ng'ombe wapya, wakiwamo waliotoka pwani ya Afrika Mashariki na Australia, wakashushwa bandari ya Beira. Pamoja na ng'ombe wa pwani walishuka kupe. Kufikia mwaka 1902 mifugo ilikuwa ikifa kwa ugonjwa ambao madaktari wa huko waliudhania kuwa ni ule wa mkojo mwekundu waliouzoea.

Mwaka 1903 serikali ya Rhodesia ilimwajiri Robert Koch, bingwa wa Ujerumani aliyekwisha kugundua kijidudu cha kifua kikuu, na koloni jirani zikachangia gharama. Ulikuwa mmoja wa michango ya mwanzo ya serikali kadhaa kwa ajili ya ugonjwa mmoja wa mifugo barani Afrika. Koch alipiga kambi Bulawayo, akaupa ugonjwa jina la homa ya pwani, na akapendekeza ng'ombe wachomwe mara kwa mara damu ya wenzao waliopona. Njia hiyo haikukinga kitu. Mwaka 1904 aliondoka, heshima yake haijapungua sana. Majibu yalitoka kwa watumishi wa kawaida wa serikali: Charles Lounsbury wa koloni ya Cape alithibitisha kwamba kupe ndiye mwenezaji, na Arnold Theiler wa Transvaal akaonyesha kwamba kijidudu hiki ni tofauti na kile cha mkojo mwekundu. Jina la Theileria linatokana naye, na mwaka 1908 alijengewa maabara ya Onderstepoort, karibu na Pretoria.

Afrika Kusini iliutokomeza ugonjwa katika miaka ya 1950 kwa majosho ya lazima, uchinjaji na kuzuia ng'ombe kuhama. Gharama yake ilikuwa kubwa, na ilihitaji ua na polisi kuliko ilivyohitaji daktari.

Muguga

Kituo cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi upande wa Kikuyu, kilikuwa makao ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo ya Afrika Mashariki. Kenya, Uganda na Tanganyika ziliigharimia kwa pamoja, na Uingereza ikiongeza kutoka kwenye mfuko wake wa maendeleo ya makoloni. Taasisi ilikuwa chini ya Tume Kuu ya Afrika Mashariki, kisha chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967. Hapohapo ndipo Walter Plowright alipotengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kutumika duniani mpaka ugonjwa huo ulipotangazwa kuwa umetokomezwa mwaka 2011. Kwa bajeti iliyokuwa nayo, ni maabara chache zilizowahi kurudisha kiasi hicho.

Mwaka 1967 Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa (UNDP) yalianza kugharimia mradi wa magonjwa yaenezwayo na kupe. Watafiti wa Muguga walijifunza kusaga kupe walioambukizwa, kuchuja vijidudu na kuvigandisha vikiwa hai. Ndama huchomwa dozi ya vijidudu hivyo na papo hapo huchomwa sindano ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini. Dawa hupunguza makali, ndama huugua kidogo au haonyeshi dalili, kisha hubaki na kinga ya miaka mingi. Kwa kuwa kijidudu cha eneo moja hakikingi vizuri dhidi ya kile cha eneo jingine, ziliunganishwa aina tatu: ya Muguga, ya Kiambu na ya Serengeti. Mchanganyiko huo uliochapishwa mwaka 1975 ndio kokteli ya Muguga.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Muguga ikabaki kwa Kenya, na maabara ya malale iliyokuwa Tororo ikawa ya Uganda. Chanjo iliyokwisha lipiwa na nchi tatu haikuwa tena na mwenyewe.

Zilikuwapo sababu nyingine za chanjo kuchelewa kuwafikia wafugaji. Kokteli ni chanjo hai inayohifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika. Kutengeneza toleo moja huchukua kama mwaka mmoja na nusu, kwa kulisha kupe kwenye ng'ombe na masikio ya mamia ya sungura. Wakuu wa mifugo wa nchi kadhaa waliogopa kuingiza vijidudu vya kigeni, hofu isiyokuwa ya bure, maana ng'ombe aliyechanjwa anaweza kubaki mbebaji. Kenya kwa muda mrefu ilipendelea aina yake ya Marikebuni, kutoka pwani, na Zambia ikatumia aina ya Katete kwa msaada wa Ubelgiji. Kampuni za dawa nazo hazikuona faida: wanunuzi ni maskini, wako mbali, na chanjo yenyewe huchomwa mara moja tu katika maisha ya ng'ombe.

ILRAD na ILRI

Maabara ya Kimataifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Mifugo (ILRAD) ilianzishwa Kabete, Nairobi, mwaka 1973, chini ya CGIAR, mtandao wa vituo vya kimataifa vya utafiti wa kilimo, kwa ajili ya magonjwa mawili: ndigana na nagana, yaani malale ya mifugo. Lengo lilikuwa chanjo ya kisasa, isiyohitaji kupe, sungura wala mtungi wa naitrojeni. ILRAD ilikuwa na vifaa ambavyo maabara za serikali jirani zilivisikia tu, na wanasayansi wakubwa walishiriki katika uongozi wake. Peter Doherty, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alikuwa mjumbe wa bodi yake.

Fedha zilivutwa pia na tabia ya ajabu ya kijidudu. Theileria huingia katika seli nyeupe ya damu na kuifanya izaliane bila kikomo kama saratani, na dawa ikikiua kijidudu, seli hurudi katika hali yake. Hilo liliwavutia watafiti wa magonjwa ya binadamu waliokuwa hawana habari na ndama wa Simanjiro, Tanzania. Protini iitwayo p67 ilitarajiwa kuwa chanjo, ikatoa kinga nusunusu. Mwaka 1994 ILRAD iliunganishwa na kituo cha Addis Ababa kuwa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), na mwaka 2005 mpangilio kamili wa jeni za kijidudu ulichapishwa. Mwaka 2014 Wakfu wa Bill na Melinda Gates uligharimia ushirika mwingine wa taasisi chini ya ILRI, kwa lengo lilelile la mwaka 1973.

Wakati huohuo ni ILRI iliyotengeneza kokteli ya zamani: kwa ombi la FAO dozi milioni moja mwaka 1996, na nyingine kama hizo mwaka 2008 baada ya akiba kukaribia kwisha.

Malipo ya wafugaji

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari binafsi wa mifugo waliokuwa Arusha walianza kuuza kokteli katika maboma ya Simanjiro, Monduli na Ngorongoro. Siku ya chanjo mtungi hufika kwenye gari alfajiri. Mrija mmoja mwembamba una dozi 40 hivi, na ukishayeyushwa lazima umalizwe ndani ya saa chache. Kwa hiyo wenye ndama watano hungoja wenzao wakusanyike. Ndama hupimwa kwa utepe wa kifua ili uzito ujulikane, kwa sababu oksitetrasaiklini hutolewa kwa kilo. Huchomwa sindano mbili, kisha huvalishwa hereni sikioni. Mnadani, ndama mwenye hereni hupata bei nzuri kuliko asiye nayo, na inasemekana wapo waliowahi kutafuta hereni bila chanjo.

Kufikia mwaka 2009 zaidi ya ng'ombe nusu milioni walikuwa wamechanjwa nchini Tanzania, wengi wao kwa malipo ya wenyewe kwa bei iliyokuwa karibu dola 10 kwa ndama. Wafugaji wa maziwa wenye ng'ombe wawili au watatu hawakufikiwa kwa kiasi hicho, kwa sababu ya mrija wa dozi 40.

Hali ya sasa

Uzalishaji ulihamishiwa kituo cha kupe na magonjwa yaenezwayo na kupe cha Lilongwe, Malawi, kwa msaada wa GALVmed, shirika la Edinburgh linalofadhiliwa na Serikali ya Uingereza na Wakfu wa Gates. Chanjo imesajiliwa Kenya, Tanzania na Malawi. Aina ya kijidudu inayotoka kwa nyati bado haizuiwi vyema na kokteli.