Baiskeli Isiyofika: Historia Fupi ya Jasho Letu

Katika lugha yetu ya kila siku, jasho ni neno la kazi. Tunasema mtu na ale kwa jasho lake. Tunasifu mali iliyopatikana kwa jasho na tunamlaani anayekula jasho la mwenzake. Hatuna mazoea ya kulitaja jasho kama jambo ambalo mtu mzima, mwenye watoto, mshahara na kiti ofisini, anaweza kulitafuta kwa sababu tu analipenda. Makala hii inauliza kwa nini imekuwa hivyo. Inauliza pia kwa nini wengi wetu tunaoitwa wasomi tunapofikisha miaka arobaini huwa tumeshauacha mwili ukae, na kwa nini kuurudisha kwenye mwendo ni suala la historia na siasa sawasawa na lilivyo suala la tiba.

Nalisema hili nikiwa mshiriki. Nina miaka 46, na nilipokuwa na 43 nilianza kunyonga baiskeli ndani ya nyumba. Kifaa chenyewe ni chepesi kueleza: stendi ya chuma inayoinua gurudumu la nyuma na kulibana kwenye kigurudumu kidogo chenye ukinzani, hata mtu anyonge saa nzima asisogee hatua moja. Daktari alikuwa ameniambia kwamba presha yangu imeanza kupanda. Nikaanza kwa dakika 10 za alfajiri, Dar es Salaam, kabla ya watoto kuamka. Baada ya wiki chache zikawa 20, kisha 40. Nilitazamia dawa chungu, nikakutana na furaha. Pumzi hupata mwendo wake, miguu huacha kulalamika, na akili, ambayo mchana kutwa huvutwa na vikao na tasnifu za wanafunzi, hunyamaza. Sasa nisiponyonga siku mbili, naikosa ile nusu saa kama mtu anavyomkosa rafiki.

Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu, niliichukua stendi hiyo hadi nyumbani Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Niliifunga barazani. Siku ya tatu baba yangu mdogo alikuja, nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda akinitazama hadi nilipomaliza. Kisha akauliza kwa upole: “Mwanangu, jasho lote hili, umefika wapi?” Waliokuwepo wakacheka, nami nikacheka. Lakini swali hilo lilikuwa na zaidi ya miaka mia moja nyuma yake, na linastahili kujibiwa kwa heshima ya urefu huo.

Kwa wazee wetu, kuutumikisha mwili bila kufika popote ni jambo lisiloeleweka, kwa sababu mara nyingi mno miili yao ilifikishwa mahali wasikotaka kwenda. Utawala wa Wajerumani ulipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1897, asiyekuwa na fedha alilipa kwa mikono na mgongo wake. Kazi ya kulazimishwa ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vita vilivyoiacha Songea na njaa na makaburi. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann katika bandari ya Sphinxhafen, ambayo leo ndiyo Liuli, katika pwani hii hii yetu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimefika ziwani, na baada ya meli wakahitajika wapagazi. Makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa wakibeba risasi, unga na machela za majeshi ya pande zote mbili. Jina la Kariakoo, tunalolitamka kila siku tunapokwenda sokoni, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao.

Amani ilipokuja, mwendo haukukoma. Mkoa wetu ukawa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge. Vijana wa Kingoni, wa Kimatengo na wa mwambao walikwenda Tanga na kwingineko kuwa manamba, watu walioitwa kwa namba kabla ya kuitwa kwa majina yao. Anayetoka katika historia hiyo hawezi kulaumiwa akiamini kwamba maendeleo maana yake ni kupumzika.

Baiskeli nayo ina historia ya namna hiyo. Karl Drais aliendesha chombo chake cha magurudumu mawili nchini Ujerumani mwaka 1817, kikiwa hakina pedeli. John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa mwaka 1885 umbo tunalolijua leo: magurudumu yanayolingana na mnyororo unaozungusha lile la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hati ya uvumbuzi wa tairi la upepo, na katika miaka ya 1890 watu wa tabaka la kati wa Ulaya na Marekani wakaingia barabarani kwa maelfu kufanya mazoezi na kustarehe. Matairi yao yalihitaji mpira. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya Kongo ya Mfalme Leopold II, ambako wanakijiji walilazimishwa kukusanya utomvu kwa vitisho vya bunduki, utekaji wa wake zao na kukatwa mikono. Kwa hiyo tangu mwanzo baiskeli iligawa jasho katika mafungu mawili: jasho la anayependa na jasho la asiyekuwa na hiari.

Ilipofika kwetu, baiskeli ilikuja kama chombo cha kazi na alama ya cheo. Aliyeimiliki alikuwa mwalimu, katekista, bwana shamba, karani wa chama cha ushirika, na katika miaka ya 1950 makatibu wa TANU waliopeleka kadi za chama vijijini. Huko juu Umatengo, kahawa iliponunuliwa kwa bei nzuri, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa baada ya bati. Baada ya uhuru taifa likaunda za kwake. Kampuni ya NABICO ya Dar es Salaam ilitoa baiskeli za Swala, na kwa watu wa rika langu jina hilo linaleta harufu ya grisi na sauti ya kengele. Lakini thamani ya baiskeli ilipimwa kwa keria yake: imebeba magunia mangapi, dagaa kiasi gani, mgonjwa gani amefikishwa hospitali. Hata bodaboda, kabla ya kuwa pikipiki, ilianza kama baiskeli iliyobeba watu na mizigo mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda. Na anayeujua mpando wa kutoka ziwani hadi Mbinga anajua kwamba baiskeli yenye shehena husukumwa huko, hainyongwi. Swali la baba mdogo, kwa hiyo, lilikuwa swali la keria. Alitaka kuuona mzigo.

Kizazi changu kilipewa aina nyingine ya mwendo, mwendo wa amri. Tuliosoma shule za msingi katika miaka ya 1980 tunaukumbuka mchakamchaka: alfajiri, umande miguuni, nyimbo za taifa na za kumkejeli nduli, na fimbo ikimsubiri aliyechelewa. Kulikuwa pia na paredi, halaiki na Jeshi la Kujenga Taifa. Sidharau mambo hayo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, Oktoba 1967, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha, na sijui hoja ya kisiasa iliyowahi kutolewa kwa miguu kwa uaminifu kuliko hiyo. Hata hivyo mwili katika mpango huo ulikuwa mali ya taifa. Ulikimbia ulipoamriwa na kusimama kwa filimbi. Tulipomaliza shule, filimbi ikanyamaza na sisi tukasimama.

Kisha ikaja kazi. Katika utumishi wetu, kupanda cheo ni kupunguza hatua. Tarishi hutembea, karani hukaa, mkurugenzi huletewa. Gari husogezwa hadi mlangoni na mkoba hubebwa na mwingine. Wananchi waliwaita wakubwa wa baada ya uhuru “wabenzi”, na kitambi kikasomwa kama hati ya mafanikio. Kufaulu kukawa ni kuacha kutembea.

Sayansi imelitazama jambo hili kwa muda mrefu, na inafaa watumishi wa umma wajue kwamba lilichunguzwa kwao kwanza. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa siku nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa nadra kuliko madereva. Tofauti ya namna hiyo ilionekana pia baina ya wapeleka barua, waliotembea na kuendesha baiskeli, na wenzao wa posta waliokaa mezani. Baadaye Morris akawageukia maofisa wa serikali ya Uingereza, na mwaka 1973 akaonyesha kwamba waliofanya mazoezi ya nguvu katika muda wao wa mapumziko walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo. Kwa maneno mengine, tarishi wetu alikuwa na kinga ambayo bosi wake aliivua siku alipopandishwa cheo.

Serikali yetu imeliona hilo. Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya taifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mashindano ya SHIMIWI nayo huwakusanya watumishi wa wizara na idara. Ni hatua njema. Lakini nikitazama fulana za rangi moja na meza kuu iliyoandaliwa, nasikia filimbi ileile ya mchakamchaka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika hizo hazipatikani kwa waraka. Anayezipata wiki baada ya wiki ni yule aliyeyapenda mazoezi, na upendo hauji kwa amri ya mkuu wa idara.

Hapo ndipo nilipomrudia baba mdogo. Katika ujana wake alicheza mganda, ngoma ya mwambao wa Nyasa iliyochukua gwaride la askari waliorudi vitani na kuligeuza kuwa mchezo: mistari iliyonyooka, sare nyeupe, ngoma kubwa na sauti za vibuyu. Fikirini jambo hilo kwa makini. Babu zetu waliuchukua mwendo ambao ukoloni uliufundisha kwa ajili ya kuua na kubebesha, wakaufanya wao, wakaucheza kutwa nzima, kijiji kikishindana na kijiji. Wanawake nao wakawa na kioda. Nikamuuliza mzee: “Baba, mlipocheza mganda hadi jua likazama, mlikuwa mmefika wapi?” Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Hatukufika. Lakini tulitoka jasho pamoja. Wewe unalitoa peke yako.”

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu ni sahihi, na upungufu linaoutaja si wangu pekee. Ninanyonga ndani kwa kuwa nje hakuna nafasi. Katika mji wangu mwendesha baiskeli hubanwa baina ya lori na mtaro. Kando ya Barabara ya Morogoro zilijengwa njia za baiskeli pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, lakini mtaa mmoja tu kutoka hapo njia hiyo haipo. Viwanja vya wazi tulivyochezea utotoni vimejengwa maduka na kumbi. Upendo wa mazoezi umegeuka kuwa bidhaa ya mwenye sebule pana na fedha za kununua kifaa. Mgawanyo ule wa miaka ya 1890 unaendelea: jasho la hiari kwa wachache, jasho la lazima kwa waliobaki. Mwanamke wa Lipingo anayepanda kilima na ndoo kichwani ametimiza dakika zake 150 kabla ya Jumatano, na hakuna anayemwita mwanamichezo. Anachokosa ni saa moja iliyo yake.

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza jambo kama hili linahusiana vipi na siasa. Linahusiana kupitia bajeti, ramani na ratiba. Mnaofanya kazi katika halmashauri, ulizeni viwanja vya wazi vilivyo kwenye ramani ya mji viko wapi leo na nani ana hati zake. Mnaosanifu barabara, kumbukeni kwamba lami iliyoshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay inapitiwa pia na watoto wa shule na wauza samaki wasio na injini. Wanaharakati, dai la maji ya bomba ni dai la muda wa wanawake, lisemeni hivyo. Na maofisa utamaduni, mganda na kioda zisisubiri ziara ya kiongozi ndipo zipewe uwanja.

Mimi naendelea kunyonga kila alfajiri. Likizo ijayo stendi itabaki Dar es Salaam. Baba mdogo amesema kuna vijana wanaojifunza mganda kila Jumapili alasiri, na kwamba mstari wa nyuma bado una nafasi ya mtu wa umri wangu.